Mmenirudishia Nusu ya Mtu

Verdiana aliisoma karatasi ile palepale gatini Bukoba, abiria wakimpita na mizigo yao. Iliandikwa kwamba mumewe, Rwegasira, ameachishwa kazi kwa sababu ya ulevi. Akaisoma tena. Rwegasira alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa la Kilutheri kule Ijumbi, na rubisi, pombe ya ndizi, hakuwahi hata kuionja.

Alitaka kuichana. Rwegasira, aliyekuwa ameshuka melini punde tu, akamshika mkono. "Itunze," alisema, kwa sauti ndogo mno hata Verdiana akalazimika kuinama amsikie.

Miaka saba nyuma, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, mwanamume huyu alikwenda Dar es Salaam akiwa mzima kabisa. Alipata kazi katika kiwanda cha betri za redio, kwenye chumba cha kuchanganyia unga mweusi unaojazwa ndani yake. Kinga yake ilikuwa leso aliyojinunulia. Likizoni alimsimulia mkewe jinsi anavyotema mate meusi na kuoga maji meusi, lakini alisimulia akicheka. Nchi ilikuwa inajitegemea, na redio za Ijumbi zilisema kwa jasho lake.

Kisha mwandiko wa barua zake ukaanza kusinyaa, mpaka Verdiana akawa anazisogeza mlangoni kutafuta mwanga, na bado asiambulie kitu. Sasa, pale gatini, alielewa sababu. Rwegasira alitembea kwa ncha za vidole kama jogoo. Akirudi nyuma hatua moja, alianguka. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. Alimweleza kwamba wenzake wawili wa chumba kile wamekuwa hivyohivyo, nao msimamizi aliwaambia wapunguze pombe.

Daktari mmoja wa Bukoba ndiye wa kwanza kumwuliza alikuwa akifanya kazi gani. Alipojibiwa, alisema vumbi la unga ule limeudhuru ubongo, na dawa hana. Aliandika barua kwenda kiwandani. Jibu halikuja.

Mwaka 1977 afisa wa kiwanda kilekile alifika Muleba kutafuta wafanyakazi. Rwegasira akasema lazima waende. Walikwenda, yeye ameshika bega la mkewe. Watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi, na majina kumi na moja yalikwishaandikwa. Rwegasira akainua mkono, akauliza wanaochanganya unga wanapewa nini cha kuzibia pua. Afisa alimtazama anavyoyumba.

"Mzee huyu amekunywa," akasema. "Mrudisheni nyumbani."

Watu wakacheka. Hasira ilimjaa Rwegasira, lakini uso ule haukuweza kuionyesha, wala sauti ile haikuweza kuibeba. Akamnong'oneza mkewe, na Verdiana akayatangaza maneno yake moja baada ya jingine, kama mwinjilisti anayetafsiri mahubiri.

"Anasema hajalewa. Anasema amechanganya unga wenu miaka saba, pua ameifunga kwa leso. Anasema uulete hapa, uuchanganye wewe kutwa moja tukikuangalia, ndipo vijana hawa waandike majina." Rwegasira alikuwa amemaliza, lakini yeye hakuwa amemaliza. "Na mimi nasema, nilikupeni mtu, mmenirudishia nusu."

Hakuna aliyecheka tena. Afisa akafunga daftari, akasema muda umekwisha. Wanane walimfuata kutaka majina yao yafutwe. Watatu hawakumfuata.

"Ma Verdiana," mmoja wao, Buberwa, alimwambia kwa heshima, "kibanja chetu cha migomba hakitutoshi. Nibaki nile nini?"

Verdiana aliuweka tena mkono wa mumewe begani kwake, akaondoka na hasira kubwa kuliko aliyokuwa nayo walipochekwa.

Rwegasira aliishi miaka minne zaidi, mwishowe akilishwa kwa kijiko. Siku ya maziko mwenyekiti wa kijiji alisimama kando ya kaburi, akamsifu marehemu kwa kujitolea kulijenga taifa.

"Hakujitolea," Verdiana alisema. "Alitolewa."

Mwenyekiti akakunja karatasi yake. Wanaume wakashika majembe, wakaendelea kufukia.