Sikio la Dada Yangu

Juzi nilipita Kizuka nikasikia tezo inakula mti nyuma ya nyumba ya mtu. Alikuwa anachonga mpini tu, lakini nilisimama pale hadi mwenyewe akaniuliza kama nimepotea. Ndugu yangu, sikupotea. Nilikuwa nimerudi Rumonge ya zamani za Wadachi, Wajerumani wale, mtoto wa kike wa miaka saba, au minane, sina hakika.

Mwaka ule daktari wa Wadachi alikuwa akishika watu shingo kutafuta malale, ule ugonjwa wa kulala. Malale yalimchukua dada yangu. Tangu mazishi mama hakusema neno. Alianika ndagala wa ziwani, alisonga ugali wa muhogo, lakini mdomo ulifungwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimsomea siku saba. Kimya. Ndipo bibi akampeleka kwa mchongaji wa sanamu, mzee aliyetoka ng'ambo ya ziwa, nami nyuma yao na mkeka.

Mwalimu alitufuata hadi uani. "Mzee, siku ya Kiyama utaambiwa ukitie roho hicho kijiti!"

"Mwalimu, mimi natafuta roho ya huyu mama, siyo ya mti. Kaa, uone."

Mwalimu hakukaa. Simlaumu, alisema alichosomeshwa.

Siku tatu mzee alichonga kichwa cha dada yangu, mama akitazama tu. Siku ya nne akafika kwenye sikio.

"Sikio gani hilo?" Sauti ya mama, ikikwaruza. "Kwani nilizaa sungura?"

Bibi aliangusha ungo. Mzee akacheka. "Basi sema, mama. Mutoto alikuwa namna gani?"

Mama akasema hadi alasiri, akalia, akasema tena.

Je, mzee alikosea makusudi? Mpaka leo sijui. Bibi alishikilia kwamba ni dua za mwalimu zilizochelewa njiani, na huenda. Mimi nani wa kuamua, niliyeishia juzuu mbili? Nawashukuru wote wawili.

Baadaye tuliondolewa kando ya ziwa kwa ajili ya malale, na pale uani kwa mzee sasa pana michikichi mitupu. Lakini jioni ya siku ile ya sikio nilimwaga mawese, na mama akanigombeza mpaka majirani wakatoka nje. Nilitukanwa vizuri sana. Kesho yake nikamwaga tena.

Sasa mama hayupo. Nikimwaga mawese, nayafuta kimya.