Waya Nilioutupa Kwenye Mgunga

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mkono wangu huu wa kulia hutaka kujificha ndani ya shuka. Singekusumbua nayo, lakini juzi nilikuona umeinama kwenye betri ya gari lako, unaunga waya mwembamba kama uzi wa kushonea godoro, na gari lilipowaka ukacheka. Mimi nami nilicheka hivyo hivyo. Basi keti. Chai hiyo itakungoja.

Ulikuwa wakati wa shifta, waasi wa msituni walipopigana na serikali. Mwaka usiniulize, mimi kalenda yangu ni mvua na ukame. Nilikuwa kijana mwenye mke tayari, dereva wa lori la abti Salat, hapa Garissa. Abti kwetu ni ndugu ya mama, na ndugu ya mama hajibiwi hapana. Alikuwa fundi aliyejifunza kwa kuungua vidole. Kusoma hakujua, wala mimi usinione hivi, darasani nilikaa mpaka mbuzi wakanihitaji. Lakini abti alikuwa na kawaida yake: waya wowote kabla ya kuutumia aliukata ncha, akahesabu nyuzi za shaba zilizo ndani. "Ganda ni nguo," alikuwa akisema. "Hata mtu mwembamba huvaa koti kubwa."

Barabara zilitisha siku hizo. Tulisafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma, na ilisemekana njiani kumetegwa mabomu chini ya udongo. Gari lako likiharibika, msafara haukukungoja. Ukibaki peke yako, watu wa msituni watakuchukua wakidhani wewe ni wa serikali, na wa serikali wakirudi watakudhani wa msituni. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na sisi madereva tulikuwa nyasi zenye magurudumu.

Sasa dada yangu Habiba alikuwa ameolewa Ijara. Mimba yake ilifika mwezi wake, mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Abti akanituma: peleka unga Ijara, urudi na dada yako. Nilipokuwa naondoka akanipa kipande cha waya, mnene kama kidole gumba, vichwa vyake vya shaba amevifunga mwenyewe. Ule waya mkubwa unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata, ile inayoamsha injini, ulikuwa umechoka. "Ule ukifa, funga huu," akasema. "Usitafute mwingine."

Nikauweka chini ya kiti. Njiani abiria mmoja, mwuza sukari, akasimulia kwamba kuna mtu alikamatwa na waya, wakasema ni wa kutegea bomu, na mpaka leo mama yake anauliza. Sikumjua huyo mtu wala mama yake. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi hata kuumwa nilikuwa sijaumwa, nilisikia tu habari ya nyoka. Tulipokaribia kizuizi cha askari moyo ukanipiga kama ngoma ya harusi. Nikatoa ule waya chini ya kiti, nikaurusha dirishani. Ukaenda ukaning'inia kwenye mgunga mmoja kando ya barabara, kama nyoka aliyekufa.

Kwenye kizuizi askari akachungulia chini ya kiti. Unajua aliniuliza nini? "Spea zako ziko wapi? Dereva gani huyu, hata spea hana?" Akatikisa kichwa, akanipungia nipite.

Asubuhi ya pili, Ijara, Habiba yuko juu ya lori amelazwa kwenye magunia matupu, nakanyaga stata, kimya. Waya wa zamani umekufa. Msafara unajipanga. Nikamkimbilia mwenye mkahawa, akanikatia waya wa redio yake. Nikaukunja mara nne, nikausokota, nikauzungushia kitambaa ukaonekana mnene. Nguo, mwanangu, niliuvisha nguo. Lori likawaka. Niliugusa, ulikuwa wa moto kama birika, nikajiambia: si kitu, injini ikishawaka stata haina kazi tena, sitazima mpaka Garissa. Nikacheka. Waya uliobaki nikautia mfukoni.

Mchana jua likiwa utosini, msafara ukasimamishwa. Amri ikapita gari kwa gari: zimeni injini zote. Walitaka kusikiliza msitu. Nilizima, ningefanya nini? Na mimi nikausikiliza msitu, hakuna hata ndege. Kisha ikaja amri ya kuondoka. Nikakanyaga stata. Boneti ikatoa moshi mweusi, harufu ya mpira unaoungua ikajaa, na askari aliyekuwa karibu akaruka nyuma akaninyooshea bunduki. Nililazwa chini kifudifudi. Wakanipekua, wakatoa mfukoni waya mwembamba, ncha zimechunwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Waya wa abti, na vichwa vyake, hata mtoto angejua ni wa lori. Huu wa mfukoni ndio uliofanana na ule wa habari ya mwuza sukari.

"Hii waya ni ya nini?" koplo akauliza.

Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuuzia mbuzi. Nilijua bei gani, nilijua huyu amenona. Sasa uwekewe bunduki kisogoni, utafute neno la stata ndani ya maneno ya mbuzi! Ndipo nikasikia sauti kutoka juu ya lori, imekatika kwa uchungu. Habiba aliwahi kuuza maziwa sokoni, alikijua Kiswahili.

"Afande, huyo ni ndugu yangu. Hajui kutega bomu. Hata hilo lori lenyewe hajui kulitengeneza."

Koplo akainama kwenye boneti, akatazama kitambaa kilichoungua. "Umefunga ng'ombe kwa uzi," akaniambia. "Nyuma yenu kuna magari matano. La mwisho likipita na hamjawaka, mtabaki hapa." Na akanirudishia waya.

Hendeli, ile ya kuzungushia injini kwa mkono, ilikuwa imepinda tangu mvua, haikuingia. Nikauchukua ule waya wa redio, nikautoa kwenye betri mpaka kwenye mtambo unaozipa plagi cheche, maana kazi hiyo ndogo uliiweza. Abiria wakashuka kusukuma, yule mwuza sukari, aliyekuwa akirudi nasi, akiwa wa kwanza. Gari la kwanza likapita. Lori likakohoa, likazima. La pili, la tatu. Wanawake nao wakashuka. Juu ya lori akabaki Habiba peke yake, na kila tuliposukuma alilia, na kila alipolia tulisukuma zaidi. Gari la nne likapita. Vumbi la la tano lilikuwa mdomoni mwetu injini iliposhika.

Mtoto alizaliwa juu ya lori, kabla hatujafika Garissa. Hakulia. Habiba alipona, alhamdulillahi, akazaa wengine, nawe unamwita shangazi. Yeye alisema, Mungu alitoa, Mungu ametwaa. Sijamsikia akinilaumu hata siku moja. Lakini nyuma ya neno hilo mimi sijaweza kujificha, kwa sababu najua tulisimama kiasi gani juani.

Abti hakunipiga. Aliniuliza, "Waya wangu uko wapi?" Nikamwambia kweli. Msafara uliofuata alipanda nami, lori tukiliwasha kwa kulisukuma. Tulipofika kwenye ule mgunga, waya ulikuwa pale pale. Askari walikuwa wameuona wakaupita kwa mbali. Wachungaji walikuwa wamehamisha njia ya mbuzi zao. Nyayo zilizunguka mti ule kama zinazunguka kaburi. Nchi nzima iliogopa kitu nilichotupa mimi kwa kuogopa. Abti akamwomba askari ruhusa, kisha akaniambia, "Nenda ukautoe." Zilikuwa hatua thelathini. Miguu yangu inazikumbuka zote. Tukaufunga pale pale, lori likawaka mara moja.

Basi, mwanangu, fungua ule waya. Toa kwanza upande unaoshika mwili wa gari. Chagua mnene kwa kazi nzito, mwembamba kwa kazi nyepesi, uhesabu shaba wala usihesabu ganda, ncha uzisugue ziwe safi, uzikaze mpaka zisicheze. Ukipewa kifaa na aliyekutangulia, usikitupe kwa habari ya mwuza sukari. Woga kila mtu anao, mimi ninao mpaka leo. Ila usimpe woga achague waya, maana yeye huchagua ulio karibu.

Mungu akulinde barabarani, akufikishe na kila uliyempakia, na mtoto atakayezaliwa safarini mwako alie kwa sauti. Amin. Sasa kunywa chai, halafu niletee spana, tuufungue pamoja.