Fundo ya Mama Noëlla

Mama Noëlla anauzisha samaki hapa ku Nchelenge, pembeni ya ziwa. Mwezi ya kumi, wakati joto inawaka na batoto bote banakimbilia mayi, alikuwa anamufunga mutoto wake Hénoc kamba ku kiuno, na mwisho ya kamba ku muguu yake mwenyewe. Siye bamama benzake ba soko tulimucheka sana. "Mutoto si mbuzi, mama!" Yeye aliendelea kupasula samaki.

Siku moja alienda kupokea samaki ku pirogue, ule mutumbwi ya bavuvi, akaacha kamba imefungwa ku meza yake. Hénoc akalia. Miye nikamusikilia huruma, nikafungula fundo, nikamupa biskiti, nikarudia kwa bateja bangu. Nilijiona mutu ya roho muzuri! Mupumbafu miye.

Tulimutoa Hénoc mu mayi, ameisha kufa.

Sasa bamama bote banafunga batoto. Hakuna mwenye kucheka. Leo nilimufunga mutoto wangu Bénie, lakini fundo yangu ilikuwa inalegea. Mama Noëlla akakuja, akainama, akaikaza bila kuniangalia.

"Akilia," akasema, "umuache alie."