Koili Tuliyoazimisha

Wiki iliyopita gari langu lilinizimikia Songea, pale Mfaranyaki, mbele ya duka la vitenge. Vijana wa bodaboda wakanisukuma hadi gereji ya karibu, na juu ya mlango nikasoma maandishi makubwa mekundu: wanatengeneza na kutunza magari ya Ulaya kwa ubora wa hali ya juu. Nikasema moyoni, haya, tuone. Fundi alikuwa kijana mwenye ovaroli safi kama ya kuvaa kanisani. Boneti hakuigusa. Alichomeka waya chini ya usukani, akatazama kompyuta yake kidogo, kisha akaniambia, "Mama, koili imekufa. Naagiza Dar sasa hivi, kesho inafika na basi."

Nilikaa kwenye benchi lake, machozi yakanitoka bila hodi. Kijana wa watu akadhani nalilia gari. "Pole mama, si tatizo kubwa," akasema. Nikamwuliza kama hapa mjini hakuna mtu wa kutuazima koili kwa leo tu. Akacheka, wala si kwa dharau. "Spea haziazimwi, mama. Nani akupe?"

Ngoja nikueleze, ndugu yangu, nani alikuwa akitoa.

Sisi tumekulia Madaba, kando ya barabara ya Njombe, kwenye baridi ambayo watu wa pwani wakisimuliwa wanadhani tunatia chumvi. Baba yangu alikuwa fundi wa magari ya Kizungu. Ufundi aliupata misheni, kwa bruda mmoja mzee aliyekuwa mkali kuliko pilipili, na alipotoka huko akajenga gereji yake nyuma ya nyumba yetu: nguzo za mkaratusi, mabati yaliyotoboka, na shimo la kuingia chini ya gari ambalo kuku walilipenda kuliko banda lao. Baba alikuwa na msemo wake: gari halingojwi liugue. Kila lililoingia pale lilifunguliwa, likafutwa, likakazwa, hata kama mwenyewe alikuja kujaza upepo tu. Watu walimlalamikia kwa kuchelewa, na bado walirudi.

Kazi yangu ilikuwa kuosha nati na bolti kwa mafuta ya taa, ndani ya sufuria ambayo mama aliifuta kwenye hesabu za jikoni kwake. Harufu ile haikutoka mikononi kwa majivu wala kwa limau. Tulikula ugali na maharage, na maharage yakanukia taa. Bibi, mama yake baba, alikuwa akisema mjukuu wake akiolewa mumewe hatahitaji kununua kibatari.

Uani kwetu kulikuwa na gari moja ambalo halikuwa la mteja. Bruda aliporudi kwao alimwachia baba gari lake la Kijerumani, bovu kabisa, na baba akalifufua kipande kwa kipande. Tuliliita Mjerumani. Bibi hakulipenda jina hilo hata kidogo. "Babu zenu walimkimbia Mjerumani porini," alitukaripia, "ninyi mnamwogesha kwa sabuni!" Lakini Jumapili ya misa alikuwa wa kwanza kukaa kiti cha mbele, kitenge kimenyooka, akipunga mkono kwa waenda kwa miguu kama mke wa mkuu wa wilaya.

Baba hakulitunza gari lile kwa ajili ya misa. Mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mwisho kwetu, alizaliwa na pumu. Baridi ya Madaba ikiingia, ule ukungu wa asubuhi unaofunika hata mti ulio mlangoni, kifua chake kilibana, mbavu zikaonekana, midomo ikageuka rangi. Zahanati ilikuwa na vidonge, na vidonge vilimsaidia akibanwa kidogo. Akibanwa sana, dawa yake ilikuwa mashine ya kupumulia, nayo ilikuwa hospitali ya mjini, Songea, mwendo mrefu wa milima. Kwa hiyo Mjerumani aliwashwa kila alfajiri, mvua au ukungu. Baba alipima oili, akaongeza maji, akasugua plagi kwa msasa, na mdogo wangu alikaa mbele amejifunika blanketi la bibi, ameshika usukani, akiunguruma kwa mdomo mpaka injini yenyewe ipokee. Mama, akikoroga uji wa ulezi jikoni, akisikia mngurumo ule alishusha mabega. Sote tulishusha mabega. Tulijua hata leo akibanwa, tunafika.

Sasa sikiliza kosa letu. Magari ya aina ile hayakuwa mengi: la sista muuguzi wa misheni, la mwalimu mkuu wetu, la mfanyabiashara mmoja wa korosho kutoka Nalasi kule Tunduru, aliyekuwa akipita kwetu kwenda Njombe na kurudi, na letu. Baba alisema magari hayo ni ndugu wa tumbo moja. Spea ya kuagizwa ilikuwa ikikaa njiani msimu mzima, na wakati mwingine ilifika si yenyewe. Basi tukaazimana. Mwenzako akikwama, unafungua kwako unamfungia yeye, na yake ikifika anarudisha. Baba aliona ni sawa na moto. Kwetu mtu akiamka jiko limezima, huenda kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto, na hakuna anayenyimwa. Kumnyima mtu moto ni kutangaza kwamba ujirani umekufa. Na spea, kwa baba, ilikuwa vivyo hivyo: haikatazwi.

Stata yetu ilikwenda kwa sista. Tukawa tunalaza Mjerumani juu ya mteremko wa uani, alfajiri tunamsukuma, anashtuka anawaka. Dinamo ikaenda kwa mwalimu mkuu. Baba akawa anapeleka betri kuchaji kwenye mashine ya kusaga. Mama alinuna, lakini gari liliwaka, na gari likiwaka mtu atasema nini?

Halafu akaja yule mfanyabiashara, akirudi Nalasi, gari lake linavutwa na lori. Alikuwa mtu wa furaha, anakusalimia kwa mikono miwili. "Assalaam aleikum, fundi wangu! Leo nimekuja na maiti." Baba akapima, akasema koili imekwisha. Koili ni kopo dogo tu, linaingia kwenye kiganja, lakini ndilo linalopeleka moto kwenye plagi. Stata unaweza kuikosa ukasukuma. Koili ukiikosa, sukuma mpaka Njombe, gari haliwaki.

"Nifike nyumbani, fundi, nimwone mama yangu, mgonjwa. Wiki ijayo siku kama ya leo nakuletea mkononi, wallahi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Baba watoto, na mtoto je?"

"Hajabanwa tangu Pasaka," baba akajibu. Alisema taratibu, kama mtu anayejishauri mwenyewe, na spana ilikuwa tayari mkononi. Mama akarudi jikoni. Alfajiri iliyofuata hapakuwa na mngurumo. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti chake kama kawaida, akaunguruma kwa mdomo mpaka akachoka.

Siku ya kubanwa ilikuja kabla wiki ile haijaisha, asubuhi, ukungu mzito. Nilisikia filimbi ile ya kifuani kabla sijafungua macho. Zile dawa za zahanati alizitapika. Bibi alikuwa akimpaka mgongo mafuta ya moto na kuita watakatifu wote anaowajua. Baba alitoka mbio kwa mwalimu mkuu, akakuta gari halipo, mwalimu kaenda Songea tangu jana yake. Akakimbia misheni, sista yuko vijijini na chanjo. Aliporudi alikuwa anahema karibu sawa na mtoto. Ndani ya magari yote matatu mlikuwa na vyuma vyetu, na yote matatu yalikuwa yanatembea.

Halafu baba alifanya jambo ambalo mpaka leo naliona. Alimbeba mdogo wangu, akamweka mbele kwenye Mjerumani, mama akaingia nyuma na blanketi, na baba akaanza kusukuma. Alijua. Yeye ndiye aliyeifungua ile koili kwa mikono yake. Lakini alisukuma, nami nikasukuma, na jirani yetu seremala akaja akasukuma bila kuuliza. Gari likashuka mteremko kimya kabisa, unasikia kokoto tu chini ya matairi, likaingia barabarani, likasimama. Baba akafungua boneti. Akatazama pale mahali patupu, akapashika kwa kidole. "Bwana wangu," akasema, "Bwana wangu, Bwana wangu."

Lori halikupita. Seremala akaleta baiskeli, lakini mtoto hakuweza kukaa. Basi la kutoka Njombe kwenda Songea lilipotokea kwenye ukungu, baba alisimama katikati ya barabara amenyoosha mikono, na dereva, Mungu ambariki, alisimama, na abiria wakawapisha viti vya mbele. Mimi nilibaki na bibi. Tulikaa kwenye jiwe la mlangoni, hakuna aliyewasha jiko.

Mchana nikasikia mngurumo. Nisingeweza kuukosea. Niliruka, nikapiga kelele, "Mjerumani! Mjerumani amewaka!" Lilikuwa gari la sista. Habari zilimfikia huko vijijini, akalifuata basi hadi mjini, akawarudisha. Mama alishuka akiwa amempakata mdogo wangu ndani ya blanketi, amemfunika mpaka usoni. Hawakufika na pumzi yake. Iliwatoka kwenye basi, mji ukionekana, milima ya Matogoro ikionekana kabisa mbele yao.

Mfanyabiashara wa korosho alirudi siku ileile aliyoahidi. Hilo ndilo lililotumaliza, ndugu yangu: hakuna aliyetukosea. Hakuchelewa hata kidogo. Alishuka barabarani na kifurushi mkononi na kikapu cha korosho, akaita tangu mbali, "Fundi! Nimekuletea moto wako!" Kisha akaona wanawake wamekaa kwenye mikeka, vichwa vimefungwa. Akasimama. Mtu akamnong'oneza. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe, akalia kama mtoto aliyepigwa. Jioni ile sista akaileta stata, imefungwa kwenye kitambaa cha hospitali. Mwalimu mkuu akaleta dinamo, na gari lake mwenyewe akaliacha limelala shuleni. Waliviweka mkekani mbele ya baba, na baba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea rambirambi.

Baada ya matanga alivifunga vyote. Mjerumani akawaka papo hapo, injini laini, haijawahi kuwa laini vile. Baba alikaa kwenye usukani akaiacha iungurume mpaka petroli ikaisha. Hakuna aliyemwambia zima.

Mama hakusema naye kwa muda mrefu. Chakula alimwekea, maji ya kuoga alimwekea, neno hakumpa. Nami nilikuwa upande wa mama, nilikuwa na hasira ya kutosha kuchoma gereji nzima. Kisha, baridi ile ile haijaisha, likaletwa gari la aina ileile, la watu tusiowajua, wamekwama wakielekea Songea, na nyuma mna mwanamke anaumwa uchungu wa kuzaa. Koili. Baba alitazama chini. Alisimama tu na mikono yake mitupu. Ni mama aliyetoka jikoni, akaenda kwenye boksi la vifaa vya gereji, akachukua spana, akamwekea mkononi. "Fungua," akamwambia. "Yule mwenzangu hana kosa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha baba tangu mazishi.

Wote wawili sasa wamelala Madaba, kando ya mdogo wangu. Gereji imekuwa shamba la mahindi la mtu, na shimo lilifukiwa. Nimekuwa mtu mzima, nimesoma, nimezika, nimezaa, na bado nikiikumbuka siku ile najua jibu langu. Mimi nisingetoa. Ningeikalia ile koili nikamwacha yule mama barabarani na uchungu wake, na ukiniuliza leo, nitakujibu hivyohivyo. Watu kama baba na mama ndio waliokwisha. Tuliobaki ni watu kama mimi.