Kitovu Kimezikwa Wete

Nasomesha Uraia. Niko sekondari hapa Wete, Pemba, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya Muungano huchora mstari wa chaki katikati ya ubao, kutoka juu mpaka chini. Upande wa kulia naandika "ya Muungano", upande wa kushoto "yasiyo ya Muungano", halafu nawaita wanafunzi mmoja mmoja waje wajaze. Ulinzi, kulia. Afya, kushoto. Uraia, kulia. Kilimo, kushoto. Mitihani ya taifa huwababaisha, maana skuli ni za huku na mtihani ni wa Muungano, nami nilikuwa nikipenda kuwatazama wamesimama na chaki mkononi hawajui waende wapi. Nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki.

Nilikuwa nikiwaambia kwamba mstari ule ni kinga yetu. Wengine wanaita shirikisho, sisi tunaita Muungano, na kuna watu wazima wamenuniana miaka kwa sababu ya jina hilo. Mimi sikuingia humo. Niliwaambia shida ni ile ile popote: mkubwa mmoja akishika kila kitu, hakuna wa kumwambia basi. Kwa hiyo katiba inagawa madaraka, kisha inamwambia kila mmoja, wewe mwisho wako hapa. Mfano wangu ulikuwa nyumba ya wake wenza. Kila mmoja ana jiko lake, hakuna ruhusa ya kufunua chungu cha mwenzako, na amani inakuwepo. Wasichana walikuwa wakiufurahia mfano huo kuliko wavulana.

Hakuna aliyewahi kuniuliza mtoto wa nyumba hiyo anakula wapi. Mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza.

Binti yangu, mwanangu wa kwanza, nilimzalia Tanga. Kwetu mimba ya kwanza unakwenda kujifungulia kwa mama yako, na mama yangu wakati huo alikuwa Tanga, kamfuata kaka yangu aliyefungua duka huko. Basi nikavuka na tumbo langu. Nikajifungua, nikakandwa maji ya moto mpaka arubaini ikatimia, na mama akaenda kumchukulia mtoto cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda karatasi. Siku ya kuondoka alinipa vitu viwili: cheti hicho, na kopo la poda ambalo ndani yake mlikuwa na kitovu cha mtoto, kimekauka, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Cheti nilikitia chini kabisa ya begi. Kopo nililishika mkononi njia nzima.

Kopo ndilo lililokuwa na maana. Mama mkwe wangu alikuwa keshachimba shimo nyuma ya nyumba yetu hapa Wete. Alikifukia kitovu, akapanda mche wa mnazi juu yake, akajipangusa mikono akasema, "Haya, ntoto keshakuwa wa hapa." Tangu siku hiyo sikumsikia mtu akisema msichana yule ni wa Tanga. Ukiuliza mtaani kwetu kazaliwa wapi, watu watakuonyesha mnazi.

Alikua, akasomea uuguzi Unguja, akarudi. Mafunzo yake ya vitendo aliyafanyia Fundo, kile kisiwa tunachokiona kutoka bandarini kwetu, na wanawake wa huko walimpenda. Kina mama waliokuja Wete sokoni walikuwa wakinisimamisha. "Bi Mwalimu, mwanao arudi lini?" Mmoja aliniambia kabisa kwamba mimba yake anaihesabia kwa kurudi kwa binti yangu. Nikawa naona fahari, nasema inshallah, karibuni.

Kisha nafasi zikatangazwa: wauguzi wa Pemba, na Fundo imo. Watu wengi hawataki kupangiwa visiwa vidogo. Yeye alitaka huko huko. Sharti moja lilikuwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, nacho hakuwa nacho, kwa sababu miaka yote ya chuo alitembelea kitambulisho cha chuo na mimi nilikuwa nikisema tutafanya, tutafanya. Usaili ulikuwa baada ya wiki tatu. Nikasema wiki tatu ni nyingi.

Fomu niliijaza mimi. Lazima niliseme hili, kwa sababu nimewalaumu watu wengi na nitaendelea kuwalaumu, lakini mkono ulioandika ni wangu. Nina hati nzuri na napenda kuionyesha. Nilipofika penye "mahali pa kuzaliwa" sikusita hata kidogo, niliandika Wete. Sikudanganya. Mtu yeyote wa kwetu angeandika hivyo. Sheha wa shehia yetu, kiongozi wa mtaa, mzee aliyekula pilau la akika ya mtoto huyo, aliisoma fomu, akasaini, akapiga muhuri. Nikaibana fomu pamoja na cheti cha Tanga, tukaenda Chake Chake, mimi na binti yangu.

Ofisi siitaji; wenyewe wanajijua. Aliyekuwa dirishani alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mdogo wako."

Akasoma karatasi ya kwanza, akasoma ya pili, akairudia ya kwanza. "Mwalimu, fomu yasema kazaliwa Wete. Cheti chasema Tanga."

"Kitovu chake kiko Wete."

Alitabasamu kwa adabu. "Fomu haina pahala pa kitovu, mwalimu."

Nikamwambia basi tufute tuandike Tanga. Akasema haiwezekani, kwa sababu mimi nimesaini na sheha kasaini kuwa maelezo ni ya kweli, na sasa karatasi mbili zinapingana, anayeziona atasema mojawapo ni ya kughushi. Cheti chenyewe kimetoka Bara. Usajili wa vizazi kila upande una wake, na ofisi yao haina madaraka juu ya cheti cha upande wa pili, hata kukithibitisha. Ilitakiwa barua kutoka Tanga kwamba mtu huyu ndiye huyu.

Nikavuka kwenda Tanga na binti yangu. Mama hayupo tena duniani, kaka kahama, tukalala kwa jirani wa zamani. Asubuhi tukapanga foleni. Dada wa dirishani alikuwa mpole, alikishika cheti kwenye mwanga, akasema, "Mama, hiki ni chetu, ni halali, na kinajieleza. Sina barua ya kuandika."

"Zanzibar wanaitaka."

"Suala la nani mkaazi wa Zanzibar halituhusu, mama. Wenzetu wana sheria yao. Nikiandika, nitakuwa nimeingilia."

Alilitamka neno hilo, nitakuwa nimeingilia, na lile lilikuwa neno langu. Ndilo nililokuwa nikilipigia mstari ubaoni. Kila mamlaka ina mpaka wake, hairuhusiwi kuingilia ya mwenziwe. Nilikuwa nikilipa alama mbili kwenye mtihani.

Tukarudi. Nikaenda kwa watu wa uraia, Uhamiaji, nikidhani wao kwa kuwa ni wa Muungano watakuwa na mkono pande zote mbili. Afande aliyenisikiliza hakuchukua hata dakika tano. Binti yako ni Mtanzania, akasema, hilo halina mjadala kabisa, awe kazaliwa Tanga awe kazaliwa Wete. Uzanzibari hatuugawi sisi. Akanirudishia karatasi zangu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

Sheha alipopata habari alitaka kuandika barua. "Ntoto huyu mie namjua tangu hajaota meno," alisema, "n'andike nini zaidi?" Akaiandika, maskini, mistari minne, na muhuri juu. Niliipeleka Chake siku mbili kabla ya usaili. Mwanafunzi wangu aliisoma akaikunja vizuri.

"Sheha anathibitisha ukaazi, mwalimu. Cheti, sheha hawezi kukithibitisha."

"Nani anakithibitisha?"

"Wao."

"Wao wanasema nyinyi."

"Si madaraka yetu, mwalimu." Kisha akashusha sauti, kwa heshima kabisa, bila kejeli yoyote, akasema, "Si weye uliyetusomesha? Kila jambo na upande wake wa ubao."

Nilimtukana. Nilikuwa nimevaa baibui, nina mkoba wa skuli begani, watu wamejaa kwenye mabenchi, na nilimtukana kijana niliyemfundisha kushika kalamu na kueleza hoja. Nilimwambia mambo ambayo hayaandikwi. Binti yangu alinishika mkono akanitoa nje, na nje pale nikaendelea kumtukana, nikazitukana ofisi zote, nikamtukana marehemu mama yangu aliyependa karatasi, Mungu anisamehe.

Nimefikiri sana tangu siku ile, na hasira yangu haijapungua, ila nimeijua ilipo. Katiba haikunikosea. Mipaka ile iliwekwa ili mkubwa asipate njia ya kunifikia na kunionea. Wao wameigeuza pahala pa kujificha, mimi ndiye nisipate njia ya kuwafikia. Mtu anaambiwa usichukue kisichokuwa chako, anaelewa kwamba asitoe hata kilichokuwa chake. Kitambulisho kilikuwa chao kutoa. Barua ilikuwa yao kuandika. Simu walikuwa nazo mezani. Na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama miaka mbele ya watoto, napiga mstari wa chaki, nawaambia kinga, kinga, bila kuwaambia kwamba mtu anaweza kuachwa amesimama juu ya mstari wenyewe. Mtoto wa nyumba ya wake wenza, kila jiko analofika anaambiwa nenda kwa mama mwenzangu, na majiko yote mawili yanafuka moshi.

Siku ya usaili alipiga pasi sare yake nyeupe akaenda hivyo hivyo. Nilimwambia usiende. Alisema labda wakiniona. Hawakumfikisha ndani; aliyekuwa mlangoni na orodha alimwuliza kitambulisho. Alirudi nyumbani adhuhuri, akavua sare, akaikunja, hakulia. Nililia mimi. Fundo alipangiwa mtu mwingine, ambaye sina ugomvi naye, na yule mama wa sokoni sikumwona tena, au labda nilikuwa nikibadilisha njia nikimwona.

Kitambulisho kilitoka baadaye. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Miezi ilipita, mwalimu mwenzangu akamwambia shemeji yake aliye ofisi kubwa, shemeji akapiga simu Tanga, wakaongea kidogo, wakasalimiana, wakaulizana watoto, na wiki ile ile binti yangu akaitwa kupigwa picha. Simu moja. Haikuingilia chochote, haikuvunja katiba ya mtu. Kitambulisho kipo kabatini kwangu mpaka leo, kinang'aa, hakijawahi kufungua mlango wowote.

Maana yeye alikuwa keshaondoka; alivuka kuja kupigwa picha tu, akarudi. Hospitali moja ya binafsi Tanga ilikuwa ikitafuta wauguzi, akapeleka vyeti vyake, na huko hakuna aliyeuliza zaidi. Kaolewa huko huko, na kijana wa kwetu, wa hapa hapa Wete, anayefanya kazi bandarini Tanga. Mwaka huu wakanipigia kuniambia ana mimba.

Ya kwanza. Basi nilijua la kufanya bila kuambiwa. Nilipaka chokaa chumba chake. Nikatafuta kungwi anayejua kukanda. Nikanunua mdalasini na pilipili manga, nikatoa kanga za uzazi zilizokuwa zimekunjwa tangu nilipozaa mimi mwenyewe. Kopo la poda nililiosha nikalianika dirishani. Nyuma ya nyumba nilichagua pahala pa kitovu cha mjukuu, hatua chache kutoka kwenye mnazi wa mama yake.

Nilimpigia simu baada ya sala ya alasiri kumwuliza atakuja lini.

"Mama," alisema, "mie ntazalia huku."

Nikamwambia hiyo si mila, mimba ya kwanza mtu huja kwao.

"Mila naijua. Lakini cheti changu ni cha huku, na chake kiwe cha huku, na kila fomu nitaandika huku. Sitaki mwanangu asimamishwe mlangoni."

"Nitaijaza mimi vizuri safari hii."

Nikamwuliza, "Na kitovu?"

"Tutakizika huku huku, mama."

Nilimwambia sawa, mwanangu. Sauti yangu ilikuwa ya mwalimu, ile ninayoitumia nikiwa sitaki darasa lijue kitu. Simu ilipokatika nilikaa pale pale kitandani mwake na hasira yangu yote, nikitafuta ofisi ya kuipeleka, na kila niliyemfikiria nilishajua atanijibu nini. Jua lilikuwa limefika dirishani. Kopo lilikuwa limekauka, nikalifunika, nikalirudisha kabatini, juu ya kitambulisho.