Besi Iliyopotea Wiki ya Posa ya Minza

Enzi zetu pale Dutwa muziki ulikuwa na nyaya, na nyaya hizo mtoto hakuzigusa. Mwaka ambao pamba ilikubali, Baba alinunua redio kubwa ya kaseti, spika mbili za mbao zilizonifika kifuani, na betri ya gari ya kuziendesha. Jumapili baada ya ibada tulikaa sakafuni tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, besi ikipanda kutoka kwenye udongo hadi mbavuni. Majirani walikuja wenyewe. Hawakusubiri kutumiwa ujumbe kwenye simu kama vijana wa leo.

Wiki ya posa ya dada yangu Minza, Mama alipaka nyumba chokaa. Baba akafungua nyaya, akatoa spika nje, jioni akazirudisha. Alipowasha, waimbaji walisikika vizuri, lakini besi haikuwepo. Ngoma zilikuwa kama zinapigwa kwenye kopo. Baba akasema betri imechoka. Tukaipeleka kwa baiskeli kuchajiwa, wapi. Akabadilisha kaseti. Akasogeza spika ukutani, akazivuta tena. Cha ajabu, ukisimama mlangoni besi ilisikika kidogo, ukikaa katikati ya chumba inapotea. Baba akawa anazunguka kichwa kimeinama, kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

Mwishowe akamgeukia Minza, kwa kuwa ndiye aliyefagia siku ile. Akasema ametoboa spika kwa mti wa ufagio. Minza akakana, Baba hakusikia; akaacha hata kumwitikia salamu. Mimi nilikuwa mdogo na sikuelewa chochote. Spika nilizichungulia, hazikuwa na tundu. Dada alikuwa analia wiki ambayo alipaswa kufurahi.

Asubuhi ya kuja wageni, Minza aliingia sebuleni bila kuomba ruhusa. Akazungusha kitufe cha kugawa sauti hadi spika ya kushoto ikapiga peke yake: besi ikaja. Akahamia ya kulia: ikaja. Akarudisha katikati: ikapotea. Akachuchumaa nyuma ya spika, akakaa huko muda mrefu.

"Baba, hebu ona," alisema. "Waya wenye mstari, spika hii umeingia kwenye tundu jekundu, ile umeingia kwenye jeusi. Nadhani moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Zinamalizana."

Baba akainama, akageuza nyaya za spika moja. Besi ilirudi kwa kishindo hadi vikombe vya wageni vikatetemeka kwenye sinia. Hakuna aliyecheka. Baba alisimama, mikono imejaa chokaa.

"Nilifunga mimi," akasema. "Nisamehe, mayu."

Hivyo ndivyo alivyomwita alipokuwa anampenda: mayu, mama yangu. Wageni walifika, posa ikapokelewa, nami nilishinda siku nzima nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Sikuwahi kumsikia mzee wa rika lake akimwomba radhi binti yake. Sikujua inawezekana.

Siku hizi naishi Bariadi mjini. Juzi spika ya binti yangu, isiyo na waya wala ukubwa wa kikombe, iliishiwa besi. Aliitupa kwenye droo, kufika jioni ana nyingine. Nilimwuliza ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani. Akatoa kidude sikioni, akaniomba nirudie swali, kisha akasema, "Sijui, mama. Kwani ina umuhimu?"

Nilitaka kumjibu. Nikafungua droo, nikaitoa ile spika, nikaichungulia nyuma kama Minza.