Mke Mmoja wa Makao ya Tatu

Bibi Makao hakuwa na mfalme wala ufalme, lakini miji mikuu ya wafalme, yote mitano, aliijua kama chumba chake cha kulala. Miaka kumi na tisa alikuwa mtembeza wageni katika makumbusho ya wafalme, nyumba ya vyumba vitatu yenye bati la kijani na harufu ya dawa ya mende. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya ramani kubwa ya ukutani, fimbo mkononi, na kuwahamisha watu. Ndiyo, kuwahamisha. Mwenyewe alisema hivyo hivyo.

"Haya, fungeni mizigo," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Tunahama."

Nao wanahama naye. Makao ya kwanza yalikuwa juu ya kilima cha mawe. Adui alionekana tangu mbali, lakini maji yalipandishwa kwa kichwa kutwa kucha, mpaka wabebaji wakagoma. Makao ya pili yakawa kando ya mto. Huko maji yalikuwa ya kumwaga, mpaka siku mto wenyewe ulipoingia ndani kumwamkia mfalme kitandani. Hapo watoto hucheka. Makao ya tatu yalikuwa bondeni, mazuri kupita yote, visima saba na barabara pana, na yalidumu miaka arobaini kabla visima havijakauka kimoja baada ya kingine. Ya nne yalijengwa haraka haraka na mfalme kijana asiyetaka ushauri wa mtu, yakaungua. Ya tano ni hapa hapa, mnapokanyaga, na wewe nyuma hapo acha kuchokonoa ukuta wa mfalme.

Lakini alipofika ya tatu, sauti yake ilishuka. "Mji mzima ulihama kwa siku moja," anasema. "Wapishi, mafundi, wapiga ngoma, mpaka mbuzi. Ila mtu mmoja hakuhama."

Kisha huwasogeza kwenye kabati la kioo. Ndani mna karatasi ya karani wa mfalme, aliyetumwa kurudi bondeni baada ya miaka miwili kuangalia kilichosalia. Ukingo wake wa kulia ulikuwa umeliwa na mchwa, lakini sentensi ya mwisho ilisomeka: Katika mahame ya tatu nimekuta vinu viwili, mtungi uliopasuka, na mke mmoja.

Hapo ndipo Bibi Makao alipokuwa anaanza kueleza. Kwamba mume wa mama yule alikuwa fundi, akatangulia na msafara kwenda kujenga makao mapya, akamwambia mkewe, ningoje hapa nitakuja kukuchukua. Kwamba mama yule alifagia barabara ile pana kila asubuhi, peke yake, ili mume akirudi asikute majani. Hayo yote karani hakuyaandika. Bibi Makao alitia chumvi, tena chumvi ya nyumbani kwake.

Maana naye alikuwa na mume. Dereva wa serikali, mtu wa maneno matamu, mcheshi ajabu. Serikali ilipoamua kuhamisha ofisi zake kwenda mji mpya, yeye ndiye aliyeendesha lori la kwanza la mafaili. Asubuhi ile alisimama mlangoni, funguo zikimchezea kidoleni, akasema, "Nikipata nyumba tu, nakuja kukuchukua. Mke ni mmoja tu duniani, ni wewe."

Mwaka wa kwanza alipiga simu kila wiki. Wa pili, simu zikawa za kubahatisha. Wa tatu, watu wakaja na habari kwamba nyumba ameipata, na wa kukaa naye humo ameshampata pia. Bibi Makao aliwasikiliza, akawapa chai, akawasindikiza mpaka nje. Hakulia mbele yao. Jumamosi iliyofuata alitoa mkeka wa mumewe, ule aliokuwa akijinyoosha juu yake mchana akitoka safari, akaupigisha jua, akaukunja, akaurudisha nyuma ya mlango. Akafanya hivyo kila Jumamosi, miaka kumi na sita. Mwenyewe hakuwahi kuukalia.

Binti yao alikuwa muuguzi katika mji mwingine kabisa, na hakuwa na mchezo. Kila Jumapili alipiga simu.

"Mama, hama."

"Na baba yako akirudi, atakuta nani?"

Binti huaga na kukata simu. Lakini Jumapili moja hakuaga. "Mama, mwenye nyumba ananiuliza nataka vyumba viwili au vitatu. Nimemwambia nitamjibu mwisho wa mwezi. Sitauliza tena, mama. Nimechoka kukuomba uje kwangu kama vile nakuomba uje msibani."

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Bibi Makao alikata simu, akatazama kuta zake nne na kiti chake kimoja chenye alama ya makalio yake, akajiambia liwalo na liwe. Atabaki. Kama mama yule wa bondeni aliweza, yeye ni nani ashindwe?

Siku mbili baadaye akaja mtafiti, msichana mwembamba mwenye mkoba mzito na adabu zake. Alisikiliza hadithi yote kuanzia kilimani. Wageni wengine walipotoka, alibaki ameinama juu ya kioo mpaka pua inakaribia kugusa.

"Samahani mama. Huyu mke uliyemtaja, ni huyu wa kwenye karatasi hii?"

"Ndiye, mwanangu. Soma mwenyewe."

"Huu ukingo umeliwa."

"Mchwa hao. Walikula kabla sijaajiriwa."

Msichana akafungua mkoba. Karani, akaeleza, aliandika nakala mbili. Moja ya mfalme, ndiyo hii. Ya pili ilikaa kwa wajukuu zake ndani ya sanduku la bati, na mchwa hawakuifikia. Akatoa picha yake. "Sentensi ya mwisho, mama."

Bibi Makao akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akasoma tena. Na mkeka mmoja.

"Mke," akasema.

"Mkeka, mama."

"Herufi mbili tu."

"Mbili tu. Zilikuwa pembeni hapa, mstari unapoishia, zikaliwa. Neno mmoja liko mstari wa chini." Msichana akacheka, si kwa ubaya. "Na kwa kweli mama, mke angehesabiwaje pamoja na vinu na mtungi?"

"Mwanangu, wewe hujaolewa."

Akajaribu kucheka naye, kicheko kikakataa kutoka. "Kwa hiyo hakubaki mtu?"

"Hata mmoja. Walihama wote."

Wee! Msichana wa watu alidhani amemletea zawadi. Alishukuru kwa mikono miwili, akaenda zake, na Bibi Makao akabaki amesimama pale na fimbo yake. Aliona aibu, hilo halina ubishi, kwa kuwadanganya watoto wa shule miaka yote ile. Lakini aibu si kitu, aibu huisha. Kilichomuuma ni upweke. Alikuwa na mwenzake, mtu wa kumwamkia asubuhi anapofungua mlango, na leo amefiwa naye, wala hawezi kumzika kwa sababu hakuwahi kuzaliwa.

Mlinzi wa getini, mzee mwenye mdomo usio na breki, alimwona akitoka. "Malkia wa tatu! Mumeo hajambo huko?" Ulikuwa utani wao wa kila siku. Siku ile Bibi Makao alipita moja kwa moja mpaka barabarani, na mlinzi akajikuta anakuna kichwa chini ya kofia.

Nyumbani alikaa kwenye kiti chake akautazama ule mkeka nyuma ya mlango. Akaukunjua. Kwa mara ya kwanza akaukalia. Ulikuwa mkeka tu. Mgumu, umepauka kwa jua la Jumamosi zote zile, na upande mmoja ukindu ulikuwa umeanza kukatika. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujali majirani. Hakuna mtu aliyewahi kufagia barabara ile. Watu walipoambiwa maji yamekwisha walibeba watoto wao wakaondoka, na kilichosahaulika kikasahaulika. Mtu pekee aliyebaki kwenye mahame ni yeye.

Asubuhi lilikuja darasa lingine. Alisimama mbele ya ramani, macho yamevimba. Kilimani, mtoni, bondeni. Alipofika bondeni fimbo ikatulia, na mwalimu wao, aliyekwisha kuisikia hadithi hii mara nyingi, akatikisa kichwa akingoja sehemu tamu.

"Walihama wote," Bibi Makao akasema. "Wakaacha vinu viwili, mtungi uliopasuka, na mkeka mmoja."

"Na yule mama?" mwalimu akauliza.

"Hakuwepo. Nilisoma vibaya."

Mchana, bila kungoja Jumapili, alimpigia binti yake. "Mwambie vitatu," akasema.

"Vitatu nini, mama?"

"Vyumba." Upande wa pili kikasikika kilio. "Na usilie," akamwambia, "nitabadili mawazo."

Hakubadili. Siku ya kuhama mlinzi alikuja kumsaidia kupakia, ameacha utani getini, uso umemshuka. Mali ya Bibi Makao haikujaza hata nusu ya gari dogo: kitanda, kiti, masufuria, sanduku la nguo. Mlinzi aliingia mara ya mwisho kuangalia kama kuna kilichosalia. Akatoa kichwa mlangoni.

"Dada, umesahau mkeka."

Bibi Makao alikuwa ameshaketi mbele, pembeni ya dereva, mkoba mapajani. Hakugeuka.

"Sijausahau," akasema. "Uache hapo hapo. Karani akija, apate cha kuandika."